Naomba ushauri: Garratt ya daraja la 59 kwa kipimo cha 1:64

Wakuu, heshima kwenu.

Naunda kwa mkono modeli ya garimoshi la daraja la 59 la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Ni Garratt, yaani garimoshi la mvuke lenye boila katikati na seti mbili za magurudumu, mbele na nyuma, kila moja ikigeuka kwenye pini yake; tangi la maji la mbele limekaa juu ya seti ya mbele. Yalikuwa 34, yakatengenezwa na Beyer, Peacock ya Manchester miaka ya 1950, yakapewa majina ya milima. Mount Gelai, namba 5918, bado lipo makumbusho ya reli Nairobi, na ukisimama kando yake unajiona sisimizi. Ndiyo maana nimekataa kipimo kidogo zaidi cha 1:87. Kwa 1:64 modeli inakaribia nusu mita, na kila ribiti inaonekana.

Kinachonikwamisha ni upana wa njia. Reli zetu za zamani ni milimita 1,000, yaani 15.6 kwa kipimo hiki. Reli za dukani ni 16.5. Tofauti haifiki milimita moja, lakini uzuri wote wa hili garimoshi ni ule mwili mpana juu ya reli nyembamba, na sitaki kuupoteza. Nikifuata 15.6, itanibidi nikate ekseli zote na kutandika reli mwenyewe, mataruma kwa mataruma. Aliyewahi kufanya hivyo, alijuta?

Halafu kona. Nimejaribu kwa kadibodi: kwenye kona kali, pembe ya nyuma ya tangi la mbele inakwaruza boila. Nisogeze pini ya egemeo mbele, au nichonge tangi kidogo kwa ndani? Na mota, iwe moja au kila upande na yake?

Mabehewa nitayauliza baadaye.