Carabus violaceus: mbona wanaadimika mitegoni ikifika Oktoba?

Swali
Wakuu, swali kwa wanaowajua mbawakawa wa msituni. Ujerumani, kwenye msitu wa miti inayopukutisha majani, Carabus violaceus (yule mweusi mwenye ukingo wa zambarau) hujaa mitegoni Julai na Agosti, kisha huadimika. Wanakufa au wanahama? Na lava (watoto wao, kabla ya kuwa mbawakawa) wakifugwa kopo moja hupungua bila mizoga kuonekana. Kwa nini?

Jibu la 1
Kuhama mbali hawawezi, maana hawaruki, wanategemea miguu tu. Julai na Agosti ni msimu wa kupandana, hivyo usiku kucha wako mbioni. Mtego wa kikombe (kikombe kilichofukiwa ardhini hadi ukingoni) hunasa anayetembea. Aliyetulia haumpati hata kama yupo hatua mbili pembeni.

Mayai hutagwa udongoni msimu huohuo. Lava ana hatua tatu, na baridi humkuta akiwa bado lava. Joto likirudi hujichimbia chumba kidogo ardhini na kuwa pupa (hatua ya kutulia kabla ya kutoka mbawakawa). Wakubwa wengine nao huvuka baridi ndani ya magogo yaliyooza na chini ya magome, kwa hiyo msitu ukifagiliwa magogo yote, makazi yao yameondoka.

Jibu la 2
Lava wanalana, mkuu. Kila mmoja apewe kopo lake, lenye udongo wa msituni wa kina cha sentimita 8 hadi 10. Ufinyange mkononi: ushikamane, usichuruzike maji. Ukilowa sana unaota ukungu. Ukikauka, lava aliyetoka kujivua ngozi hafiki mbali. Mpe vipande vya konokono, koa au nyungunyungu, na mabaki yaondolewe kesho yake. Majira ya baridi akae mahali pa baridi pasipoganda, si sebuleni.

Baadaye akigoma kula na kujifukia, tafadhali usimfukue! Chumba cha pupa kikibomoka, mara nyingi mbawakawa hutoka na mabawa yaliyokunjamana.

Jibu la 3
Kagua na mitego yenyewe. Mvua hushusha udongo, mdomo wa kikombe unabaki umechomoza, mdudu anauzunguka. Ushindilie udongo upya hadi ulingane na ukingo. Oktoba pia majani yanayoanguka huziba kikombe, basi weka kifuniko kilichoinuliwa sentimita 3 hivi. Kama unawanasa hai, tia majani ndani wapate kujificha, na pitia kila asubuhi.