Kanda za zamani au malipo ya kila mwezi?

Kijana wa Langoni (Lamu):
Assalamu alaykum. Nyumbani kwetu kuna sanduku la kanda za taarabu, mashairi na maulidi, nyingi zikiwa zimerekodiwa harusini na barazani tangu miaka ya 1980. Mdogo wangu ashikilia kwamba zitupwe, kwa hoja kuwa siku hizi mtu hulipia huduma ya muziki kila mwezi akapata nyimbo zote simuni, na Spotify yenyewe imeingia Kenya tangu mwaka 2021. Urahisi huo siukatai, lakini nikiacha kulipa nitabaki na nini? Na je, kanda hizi zaweza kuokolewa bila gharama kubwa, kwa hewa hii yetu ya chumvi?

Fundi Redio (Malindi):
Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Ukiacha kuilipa Spotify utarudishwa kwenye daraja la bure lenye matangazo, na nyimbo ulizozipakua hazitacheza tena bila mtandao. Hata unapolipa, simu yapasa kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila siku 30, la sivyo ulivyovipakua huondoka. Wala usidhani kwamba kununua moja kwa moja ndiyo kinga: Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu vya kielektroniki mwaka 2019, vitabu ambavyo watu walikuwa wamevilipia havikufunguka tena. Fedha zilirudishwa, ndiyo, lakini kitabu ulichokuwa umekifikisha katikati hakirudi kwa fedha. Unacholipia ni ruhusa ya kutumia, na mwenye duka ndiye ashikaye ufunguo.

Kuhusu kanda, chumvi huishambulia zaidi redio kuliko kanda yenyewe, ambayo adui zake wakubwa ni joto, unyevu na ukungu. Kabla ya yote, vunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, ili mtu asije akarekodi juu yake. Kanda yenye vumbi jeupe la ukungu usiicheze kabla haijasafishwa, kwani itachafua kichwa cha redio, yaani kile kipande kinachogusa utepe na kuusoma, na kuziambukiza nyingine. Kisha tafuta redio ya kaseti ambayo ukanda wake wa mpira haujalegea, maana ukilegea mwimbaji ataimba kama mtu aliyeamshwa usingizini. Unganisha tundu lake la visikizio na tundu la kuingizia sauti la kompyuta kwa waya, halafu rekodi kwa Audacity, ambayo ni programu ya bure. Hifadhi nakala ya asili katika muundo wa WAV, ambao huchukua takriban megabaiti 600 kwa saa moja, na ya kusikilizia simuni uifanye MP3, muundo uliobanwa usiojaza nafasi. Weka nakala mahali pawili, wala si kwenye simu peke yake.

Bi wa Shela (Lamu):
Fundi amesema kweli, ila mimi nitamtetea kidogo huyo mdogo wako. Kwa kijana atakaye kusikia nyimbo za dunia nzima, malipo ya mwezi ni nafuu kuliko kununua albamu moja moja, na hana haja ya kuzimiliki zote. Kosa lake ni kudhani kwamba sauti ya marehemu bibi yenu akiimba harusini imo katika ghala la kampuni yoyote. Haimo, na haitakuwamo.

Jambo ambalo hamkuligusa ni hili. Nyingi ya kanda za harusi zetu zilirekodiwa ndani, wanawake wakiwa peke yao, wakiimba kwa kuamini kwamba sauti zao hazitatoka nje ya ukumbi. Kuokoa kanda ni jambo moja, kuirusha kwenye makundi ya WhatsApp au YouTube ni jingine. Waulize kwanza wenyewe walio hai, na jamaa wa waliotangulia, na usikubali jibu la mtu mmoja kwa niaba ya ukoo.

Kijana wa Langoni (Lamu):
Ahsanteni sana. La harusi sikuwa nimelifikiria, na nitamwomba mama azipitie yeye kwanza, kwa kuwa zimo ambazo hata mimi sipaswi kuzisikia. Za maulidi nitaanza nazo. Fundi, redio niliyo nayo ina tundu moja tu la visikizio na husikika upande wa kushoto pekee. Je, hitilafu iko kwenye tundu au kwenye kichwa?

Fundi Redio (Malindi):
Jaribu kwanza visikizio vingine, kisha safisha kichwa kwa pamba yenye spiriti. Ukisikia upande wa kulia ukirudi hafifu, rudia kusafisha. Usiposikia kitu kabisa upande huo, huenda tundu ndilo bovu, nalo hubadilishwa kwa bei ndogo.