Msaada: umeme ukikatika Nyegezi, mashine pepe inazimika kwenye meinfremu iliyoko Ujerumani

mwana_nyegezi

Wakuu, habari za asubuhi. Nimekuwa msomaji wa jukwaa hili kwa muda mrefu, leo naleta uzi wangu wa kwanza kwa sababu nimekwama na naona kibarua kinaelekea kuota nyasi.

Niko Mwanza, Nyegezi, nafanya kazi nikiwa nyumbani kwa kampuni moja ya nje. Wana meinfremu (kompyuta kubwa ya mashirika) ya IBM Z iliyoko Ujerumani, ndani yake kuna LPAR mbili (sehemu mbili zinazojitegemea), zote zinaendesha z/VM 7.3, haipavaiza (programu inayobeba mashine pepe) ya IBM. Nimepewa LPAR ya majaribio niigeuze kuwa wingu la ndani: mtu wa idara ya programu atume ombi kwa API (mlango wa programu kuongea na programu), apate mashine yake ya Linux ndani ya dakika chache, bila mtu kukaa kuandika direktori (orodha ya mashine na rasilimali zake) kwa mkono. Natumia Feilong, ile programu huria ya Open Mainframe Project, ambayo inaongea na z/VM kupitia SMAPI, mlango wake wa kupokea amri za programu nyingine. DIRMAINT (programu ya kusimamia direktori) inagawa diski, VSWITCH (swichi pepe ya mtandao) iko hewani, na mashine 12 zimeshazaliwa kwa njia hiyo.

Sasa tatizo. Usiku wa Jumanne iliyopita mvua ilitoka ziwani na radi zake, umeme ukakatika mtaa mzima. Wakati huo nilikuwa nimefungua dirisha la 3270 (terminali ya meinfremu), yaani konsoli, kwenye mashine LNX0007, natazama Linux inavyoamka. Ruta ikazima, VPN ikakatika. Nilihangaika na bando la simu karibu nusu saa ndipo nikarudi ndani. Napiga QUERY NAMES (amri ya kuorodhesha walioingia), LNX0007 haipo. Zile 11 nyingine zipo, mbele ya kila moja pameandikwa DSC (inaendelea bila mtu kwenye konsoli) kama kawaida. Alhamisi umeme ukakatika tena, safari hii ikaondoka LNX0003.

Nimesoma logi za Linux yenyewe. Hakuna dalili ya kuzimwa kwa utaratibu, mistari inakatika tu katikati kama vile mtu amechomoa waya. Memori ipo ya kutosha, paging (kuhamishia memori kwenye diski) iko chini. Wenzangu wa huko wameanza kuandika kwenye barua kwamba haipavaiza nimeipanga vibaya, na sina la kuwajibu. Umeme wa kwao haujakatika hata sekunde moja. Unakatika wa kwangu, inakufa mashine ya kwao!

La pili, dogo: mashine moja ya LPAR hii na moja ya LPAR nyingine zinagombana kwenye mtandao, ukiiping moja, mara inajibu hii, mara ile. IP zao ni tofauti, nimehakiki.

Naombeni msaada wenu.

DagaaUkerewe

Pole sana ndugu. Mimi ni mtu wa KVM (haipavaiza ya Linux), meinfremu sijawahi kuigusa, ila nikuulize jambo moja. Hizo mbili zilizokufa, LNX0007 na LNX0003, ndizo ulizokuwa umefungua konsoli zake umeme ulipokatika, au ulikuwa umefungua nyingine?

mwana_nyegezi

@DagaaUkerewe ndizo hizo hizo mkuu. Jumanne nilikuwa kwenye 7, Alhamisi nilikuwa kwenye 3. Lakini konsoli ni dirisha tu, inawezaje kuua mashine?

kijana_wa_igoma

Kwa nini mnajitesa na mitambo ya zamani? Si mhamie wingu la kawaida mlipie kwa saa?

mwana_nyegezi

@kijana_wa_igoma data zao kuu ziko kwenye meinfremu hiyo hiyo, wanataka Linux ikae jirani na data. Uamuzi si wangu.

MzeeWaMitambo

Mwanangu, swali la DagaaUkerewe limegusa penyewe kabisa. Nimekaa na mitambo hii miaka mingi, acha nieleze kwa kirefu, maana jambo hili huwasumbua wote wanaotokea upande wa KVM na VMware.

Huko mlikotoka, konsoli ni dirisha. Mashine iko huku, mtazamaji yuko kule, mtazamaji akiondoka mashine haina habari naye. Kwenye z/VM sivyo. Haipavaiza hii ni mjukuu wa moja kwa moja wa VM/370 ya mwaka 1972, na wakati ule kila mtu aliyekaa mbele ya kituo alipewa mashine pepe yake peke yake. Mtumiaji na mashine ni kitu kimoja. Ndiyo maana jina LNX0007 unaliandika kwenye USER DIRECT (faili la direktori) kama mtumiaji, na ndiyo maana unaingia kwa LOGON. Ukipiga LOGON LNX0007, wewe ndiye LNX0007. Laini yako imekuwa laini yake.

Sasa laini ikikatika ghafla, CP, yaani kiini cha z/VM, haijui kama wewe uko Nyegezi unatafuta bando. Inachojua ni kwamba mtumiaji ametoweka bila kuaga. Inamweka DSC kwa lazima na kuanza kuhesabu dakika. Kama mfumo haujaambiwa vinginevyo, hesabu ni dakika 15. Ukirudi kabla, unamkuta alivyo. Ukichelewa, anapigwa LOGOFF, na LOGOFF kwa mashine pepe ni sawa na kuchomoa waya ukutani. Wewe ulichukua nusu saa.

Zile 11 zilibaki kwa sababu ziliamshwa kwa XAUTOLOG (amri ya kuamsha mashine bila mtu kuingia), tangu mwanzo hazikuwa na laini ya mtu yeyote. Nenda kwenye logi ya OPERATOR (mtumiaji wa kusimamia mfumo), tafuta jina LNX0007 usiku ule. Utaona DISCONNECT, halafu LOGOFF kama robo saa baadaye.

Dawa iko kwenye faili la SYSTEM CONFIG (mipangilio ya mfumo), kwenye diski CF0 ya mtumiaji PMAINT. Tafuta sehemu ya FEATURES uweke:

DISCONNECT_TIMEOUT OFF

Kabla ya kufunga faili lipitishe kwenye CPSYNTAX, programu ya kukagua makosa ya uandishi. Tafadhali usiruke hatua hiyo, maana koma moja ikikosekana kwenye SYSTEM CONFIG utaijua wakati wa IPL (kuwasha mfumo upya), na wakati huo huna pa kusimama. Badiliko linaanza kazi baada ya IPL.

Hadi hapo usiache dirisha la mashine ya mtu wazi. Ukimaliza kutazama, piga #CP DISC. Usipige LOGOFF. Vidole vya mtu aliyezoea SSH (njia ya kuingia Linux kwa mbali) vinapenda sana kuandika LOGOFF.

Na kuna mtego mwingine utakaokutana nao. Ukirudi kwenye mashine iliyokuwa DSC, tazama kona ya chini kulia ya skrini ya 3270. Kukiwa na RUNNING, uko salama. Kukiwa na CP READ, mashine imesimama, inakungoja wewe useme neno. Linux yote imeganda, wateja wa hiyo mashine wanaona kimya, na wewe umekaa unashangaa skrini tulivu. Andika B, yaani BEGIN, bonyeza Enter, itaendelea. Ili isitokee tena weka SET RUN ON kwenye PROFILE EXEC (faili la amri za wakati wa kuamka) ya kila mashine, au bora zaidi kama mstari wa COMMAND kwenye profaili ya direktori ambayo mashine zako zote zinairithi.

DagaaUkerewe

Nimejifunza leo. Kumbe ni kama kushika kamba ya mtumbwi huku umesimama mwaloni, ukiteleza wewe unaondoka nao.

BintiIlemela

Shikamoo mzee. Nyongeza kidogo kwa mleta mada, kaka yangu wa Nyegezi.

Kwanza, jizoeze kutoingia kabisa kwenye mashine za watu. Kwenye profaili ya direktori, mstari wa CONSOLE unapokea jina la mtumiaji msaidizi mwishoni, mfano:

CONSOLE 0009 3215 T OPERATOR

Mashine ikiwa DSC, maneno ya konsoli yake yanamfikia huyo msaidizi akiwa ameingia, naye anaweza kuiandikia kwa SEND. Unatazama Linux ikiamka ukiwa kwa msaidizi, laini yako haiigusi mashine yenyewe. Kazi nyingine zote zifanye kwa SSH. Mimi hapa Ilemela umeme ukikatika sina hofu, kinachokatika ni SSH yangu tu.

Pili, hao wanaogombana mtandaoni. Nina hakika LPAR moja ilinakiliwa kutoka kwa nyingine. Fungua SYSTEM CONFIG za pande zote mbili, angalia mstari wa VMLAN MACPREFIX (mwanzo wa anwani za MAC, yaani za kadi za mtandao). Zikiwa sawa, au mstari usipokuwepo popote na zote zikatumia 020000, kila z/VM inagawa MAC kwa mpangilio wake bila kujua jirani amegawa nini, na mwisho mbili zinafanana. Upande mmoja weka 020001, mwingine 020002. Na kwa kuwa mzee kakuambia lazima ufanye IPL, badilisha vyote kwa IPL moja.

Tatu, kabla ya hiyo IPL hakikisha PROFILE EXEC ya AUTOLOG1 (mtumiaji anayeamka mwenyewe baada ya IPL) inaamsha DIRMAINT, DATAMOVE (msaidizi wake wa kunakili diski) na VSMGUARD. VSMGUARD ndiye anayewaamsha wafanyakazi wengine wa SMAPI. Asipoamka, Feilong itatuma maombi na hakuna atakayeitika.

MzeeWaMitambo

Marahaba binti yangu. La MACPREFIX sikuliona, umefanya vema.

Mwana_nyegezi, ukiwa kwenye kuhakiki, tazama pia EXTENT CONTROL ya DIRMAINT (faili la maeneo ya diski yanayogawiwa). Kila eneo la diski lianzie silinda (kipimo cha sehemu ya diski) 1, si 0. Silinda 0 ndiyo yenye lebo ya diski. Diski ya 3390-9 ina silinda 10017, kwa hiyo eneo lako ni 0001 hadi 10016. Nimeshuhudia mtu akianzia 0. Mashine ya kwanza iliyopewa kipande kile ilifomati ikafuta lebo, na z/VM haikuitambua tena diski ile baada ya IPL. Diski ilikuwa na mashine za watu wengine tisa.

mwana_nyegezi

Mzee wangu, shikamoo. Dada Binti, asante sana. DagaaUkerewe, lile swali lako ndilo lililofungua mlango.

Mrejesho, sitaki kuuacha uzi ukining'inia.

Logi ya OPERATOR imeonyesha kama mzee alivyosema, LNX0007 na LNX0003 zote zilipigwa LOGOFF robo saa baada ya laini kufa. Nimeinakili sehemu hiyo nikaituma kwa wenzangu pamoja na maelezo, wameelewa na wamekubali si kosa la haipavaiza. EXTENT CONTROL ilikuwa salama, inaanzia 1. MACPREFIX haikuwepo pande zote mbili.

Jumapili usiku nilipewa ruhusa. Nikapiga SIGNAL SHUTDOWN ALL WITHIN 300 ili Linux zote zijifunge kwa heshima, kisha SHUTDOWN REIPL. Nilivyongoja mfumo urudi mikono ilikuwa inatoka jasho, sitaficha. Ulirudi. Ila API ilikuwa kimya, nami kwa haraka nilikuwa nimesahau la tatu la dada Binti. VSMGUARD hakuwa kwenye AUTOLOG1. Nikampigia XAUTOLOG kwa mkono, Feilong ikapata uhai, kisha nikamwandika kwenye PROFILE EXEC ili asisahaulike tena. Upande wa pili umepewa MACPREFIX yake kwenye faili, utafanyiwa IPL mwisho wa mwezi, kwa sasa mashine iliyokuwa inagombana imebadilishiwa MAC na ping inajibu moja tu.

Kisha nikafanya jaribio. Niliingia LNX0012, ambayo bado haina mtu, nikaacha dirisha wazi makusudi, saa 3 na dakika 10 usiku nikachomoa waya wa ruta. Nikakaa nje barazani, ziwani taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimeshatapakaa. Sikurudi ndani hadi saa 4 kamili.

Nikachomeka ruta, VPN ikashika, nikapiga QUERY NAMES. LNX0012 - DSC. Nikaingia kwa SSH nikaandika uptime: saa 2 na dakika 6, tangu IPL ile ile.