Barua ya Ordnungsamt, pipa la Maibock na ile euro 5

Mama Tumaini, Jumapili saa 2 usiku

Wapendwa wote wa huku Bavaria, Ujerumani, habari za jioni. Naomba anayejua anijibu kabla ya Ijumaa, maana pipa nimeshaagiza.

Mnakumbuka Jumamosi ile baada ya Pasaka tulipokutana Grillplatz ya huku kwetu, pale pa kuchomea nyama, mbuzi mmoja na kreti sita za Bock, ile bia kali. Kila mtu alitoa euro 5, tukaziweka kwenye sufuria ya ugali. Saa 11 jioni wakapita wale wawili wa Ordnungsamt, ofisi ya mji ya kusimamia utaratibu, wenye jaketi za bluu, wakauliza msimamizi ni nani. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Jana barua imefika. Ni Anhörung, yaani wananitaka nijieleze kabla hawajaamua, inasema nimetoa pombe kwa malipo bila Gestattung, kibali cha muda cha kuuza pombe. Ndani kuna fomu ya kujaza na kurudisha.

Swali langu ni moja tu: tukichanga euro 5 kila mtu, tukanunua bia na kuinywa wenyewe, hapo tumeuza? Maana tarehe 23 Mei tunakutana tena, na nimeagiza lita 30 za Maibock, Bock ya mwezi wa Mei. Hiyo haina subira. Mei ikiisha, hadi mwakani.

Mzee wa Bamberg, Jumapili saa 3 usiku

Mama Tumaini, usitie sahihi chochote! Bahasha ilikuwa ya njano? Kama ni ya njano, tazama tarehe aliyoiandika mtu wa posta juu yake kwa kalamu. Siku 14 za kupinga zinaanzia hapo, si siku unayoifungua. Mimi mwaka 2016 nilitoka likizo Moshi nikaikuta chini ya matangazo ya pizza, nikaanza kuhesabu siku hiyo hiyo niliyoiokota. Nililipa yote na gharama juu. Kosa lenyewe baiskeli bila taa.

Mpare wa Augsburg, Jumapili saa 4 usiku

Shikamoo Mzee, lakini unamtisha dada wa watu bure. Anhörung inakuja kwa barua ya kawaida. Ya njano ni Bußgeldbescheid, yaani faini yenyewe, na Einspruch, pingamizi la wiki mbili, ni ya hiyo. Kwenye Anhörung unalazimika kujaza zile habari zako binafsi tu, jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa. Pale pa kujieleza unaruhusiwa kuacha peupe. Tusiwe tunachanganya fomu halafu watu wanaumia.

Na mimi nina swali. Nani aliandika lile boksi la ndizi "BIER 5 €" akaliegemeza kwenye mti? Jaketi za bluu haziwezi kunusa euro tano ndani ya sufuria. Zilisoma.

Kijana wa Nyeri, Jumatatu saa 1 asubuhi

Wakuu, niliandika mimi na siombi msamaha. Niliandika ili watu wajue pesa inaingia sufuria gani, kwa sababu mwaka jana hakuna aliyejua. Tena tukishafika hapo: kreti sita, chupa 20 kila moja, senti 8 kwa chupa na 1.50 ya kreti yenyewe. Hiyo ni 3.10 mara sita, 18.60. Hiyo Pfand, amana ya kurudisha chupa, ilienda wapi?

Mama Tumaini, Jumatatu saa 6 mchana

Pfand nilirudisha mimi kwa mkono wangu, safari mbili na kigari cha mtoto, nikanunua mkaa, chumvi na ndimu. Risiti ninayo. Nimeuliza kuhusu Gestattung, jamani.

Mzee wa Bamberg, Jumatatu saa 12 jioni

Nakubali kuhusu bahasha. Ila mnasumbukia pipa la nini wakati mnakaa Bavaria? Nendeni Biergarten, bustani ya bia, na pilau yenu. Hakuna Gestattung, hakuna boksi. Haki ya kuja na chakula chako si hisani ya mwenye baa. Watengeneza bia walikuwa wanachimba maghala chini ya ardhi, wanapanda michestnut juu ili kivuli kipooze ardhi, na watu wakaanza kukaa hapo hapo na kunywa. Wenye migahawa mjini wakalia njaa. Mfalme Max Joseph mwaka 1812 akaamua: uzeni bia na mkate, chakula kingine marufuku. Basi watu wakaja na vyao, hadi leo. Mwaka 1995 korti ilipotaka bustani moja ifungwe mapema, watu elfu ishirini na zaidi waliandamana München. Maandamano ya bia! Sheria ya 1999 ikawapa: muziki mwisho saa 4 usiku, kuagiza saa 4 na nusu, saa 5 mnakwenda kulala.

Mimi Jumapili hupanda Keller, ndiyo Biergarten ya huku, na chapati zangu nne kwenye foili. Hukaa meza ya mwisho, ukutani. Bia inakuja kwenye kikombe cha udongo cha kijivu, povu limekaa juu kama maziwa ya mgando, na ubaridi wake ni wa ghala, haukati meno kama wa friji. Ua la mchestnut likidondokea ndani unalitoa kwa kidole na kuendelea.

Binti Lamu, Jumatatu saa 3 usiku

Ahsante Mzee, lakini semeni yote. Nilikwenda Biergarten moja (siitaji) na mahamri na viazi karai, nikaona meza ina mavi ya ndege, nikatandika kanga yangu. Kumbe meza yenye kitambaa ndiyo ya kuhudumiwa, na hapo huruhusiwi kuleta chakula! Akaja mhudumu kunisomea sheria. Namwambia kitambaa ni changu mimi, tazama, kimeandikwa hapa. Akainama akasoma, kama kwamba anajua Kiswahili. Mzee wa meza ya pili alicheka hadi akapaliwa, kisha akanikatia figili lake jeupe, wanalolikata mviringo likivutika kama kinanda, nikampa mahamri mawili. Alikula na chumvi, masikini.

Na jambo langu ni hili. Mimi sinywi pombe, wala mume wangu, wala wale wawili wa Unguja. Kila mwaka tunatoa euro 5 za sufuria na tunakunywa Spezi, soda ya kola na chungwa, chupa moja. Mkinijibu kama hiyo ni kuuza, nijibuni na mimi ninanunua nini.

Mpare wa Augsburg, Jumatatu saa 4 usiku

Hoja ya Binti Lamu ni ya kweli, tuiweke kwenye ajenda. Asiyekunywa atoe euro 2.

Mzee, 1812 ni sawa, ila usiache kisa chenyewe cha maghala. Kupika bia kiangazi kulikuwa marufuku tangu karne ya 16, kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Georg, 23 Aprili, hadi ya Mikaeli, 29 Septemba. Joto liliharibu bia na majiko yaliunguza miji. Kwa hiyo Machi walipika nyingi na nzito ya kuvukia kiangazi, ndiyo Märzen, na hiyo ndiyo iliyohitaji ghala. Bila kujua hivyo unadhani watu walichimba ardhi kwa kupenda.

Ndugu wa Lubumbashi, Jumanne saa 2 asubuhi

Bandugu, jambo. Miye ninasoma hii habari ya bia ya mwezi wa tano na ninacheka. Kwetu bia haina mwezi. Simba ni Simba, mwenye kutaka nyeusi anakunywa Tembo, Januari mpaka Desemba. Mtoto anakunywa munkoyo. Huku nimekuta bia ya Kwaresima, ya Mei, ya vuna, ya Noeli, na kila moja wanaiongojea kama ndege ya ndugu. Mwaka wa kwanza nilinywa ile ya Kwaresima, ya jina lenye kuisha na -ator, nikaihesabu kama Simba. Chupa tatu. Nilishuka treni kwenye kituo ambacho hakikuwa changu, mji haukuwa wangu.

Mnyalu wa Regensburg, Jumanne saa 7 mchana

Kamwene. Ndugu wa Lubumbashi, bia ya kiwandani haina msimu, hapo sawa, lakini usiseme "kwetu" ukatuchukua wote. Ulanzi, pombe ya mwanzi, je? Mvua zikianza Iringa, chipukizi la mwanzi linakatwa ncha, unafunga mbeta, chombo cha kukingia, usiku kucha linadondosha. Asubuhi babu anapita na kisu kidogo, anachonga tena ule mdomo, karatasi moja tu ya nyama ya mwanzi, maana ukikata sana linakufa, ukikata kidogo linaziba. Jioni anarudi tena. Ule wa asubuhi, mtogwa, ni mtamu, hata sisi watoto tulipewa. Ukilala siku moja unaanza kuuma ulimi, ukilala zaidi unamwimbisha mtu mzima. Mvua ikikatika, umekwisha. Hakuna duka, hakuna friji, hakuna kuagiza. Unangoja mwakani.

Baba alikuwa akisema Desemba mgeni anajulikana kwa anavyoitazama mbeta. Nimekaa huku miaka 11 na nyumbani nimekwenda mara tatu, zote Julai na Agosti, likizo za shule za watoto. Kiangazi kikavu. Miaka 11 sijaonja ulanzi.

Maibock ya kwanza nilipoonja, ile rangi ya asali na ule utamu unaotangulia kabla ya uchungu, nilikaa kimya kidogo. Haifanani, msinicheke. Ila ilikuwa imefika kwa wakati wake.

Mzee wa Bamberg, Jumanne saa 1 usiku

Mnyalu umenitonesha. Mbege nayo, pombe ya ndizi ya kwetu, ingawa haina msimu kama huo, ina saa yake: ulezi unaingia leo, kesho ndiyo ya kunywa, keshokutwa ni siki. Na uchungu wake unatoka kwenye gamba la msesewe. Nilimweleza jirani yangu hapa, akasema hiyo kwa amri ya bia ya Bavaria ya 1516 isingeitwa bia: shayiri, hops na maji basi. Nikamwambia kata ya mbege haikuomba kuitwa.

Kijana wa Nyeri, Jumanne saa 3 usiku

Mnaongea misimu, sisi tulipewa saa. Sheria ya pombe ya Kenya, ile ya Mututho, 2010: baa inafunguliwa saa 11 jioni, wikendi saa 8 mchana, kila mtu inje saa 5 usiku. Na polisi wakawa na biashara mpya. Heri huku sheria inakuambia saa ya kuzima muziki na hakuna mtu anakuomba "kitu kidogo".

Mpare wa Augsburg, Jumanne saa 4 usiku

Huku wana zaidi ya hiyo. Pale Nockherberg, ukumbi wa bia wa München, wakati wa Starkbier, bia kali ya Kwaresima, waziri mkuu wa jimbo anakalishwa mbele na bia yake, anasemwa jukwaani kwa jina, televisheni inaonyesha, na analazimika kucheka. Hebu mfikirie yeyote wa kwetu kwenye kile kiti.

Kijana wa Nyeri, Jumanne saa 4 usiku

Kwetu angecheka. Halafu mwenye ukumbi angepigwa ukaguzi wa kodi Jumatatu.

Binti Lamu, Jumatano saa 1 asubuhi

Siasa tulikatazana hapa tangu uchaguzi ule. Na euro 2 mimi sijakubali, nataka ajenda.

Mama Tumaini, Ijumaa saa 12 jioni

Wapendwa, nimesoma zote, na kwa ya Mnyalu nimetoa chozi. Fomu nimejaza jina, anwani na tarehe ya kuzaliwa, kwingine nimeacha peupe kama alivyosema Mpare, nimeiposti. Kama kuchanga ni kuuza au si kuuza bado sijui. Nilipiga simu ofisini, mwenye faili yuko likizo hadi Juni.

Pipa nimelichukua leo, wanafunga mapema kesho. Liko bafuni limefunikwa taulo lililolowa. Ni lile la kugonga, si la gesi, likishafunguliwa ni siku hiyo hiyo. Bomba nimepewa, nyundo ya mbao hawakuwa nayo. Nani anayo? Na Kijana, safari hii boksi lolote la ndizi libaki nyumbani kwako.

Ndugu wa Lubumbashi, Ijumaa saa 1 usiku

Nyundo niko nayo. Munakutana Grillplatz ao Biergarten?