Kumsomea mtoto «Adili na Nduguze»: nimweleze ninayoyaona sasa, au nimwache ashangilie?

Mama wa Nyegezi:
Wanajukwaa, naomba mawazo yenu. Mwanangu yuko darasa la tano, nami nimeanza kumsomea «Adili na Nduguze» cha Shaaban Robert, kitabu nilichokipenda kuliko vyote nilipokuwa na umri wake. Nilikipenda kwa ajili ya majini, kwa ajili ya mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na zaidi kwa ajili ya wale manyani wawili wanaochapwa kila usiku, ambao baadaye tunajulishwa kuwa ni Hasidi na Mwivu, ndugu wa Adili mwenyewe waliomtosa baharini kwa kijicho. Walipochapwa nilifurahi sana, nikaona wamelipwa wanachostahili.

Safari hii nilipofika pale mjumbe Ikibali anapomwona Adili, mtawala wa Janibu, ameshika mjeledi usiku, sauti ilinikauka. Mimi ndiye kifungua mimba kwetu, na tangu baba afariki kuna maneno ya kiwanja kati yangu na wadogo zangu ambayo hayajaisha. Utotoni sikuona kabisa kwamba anayechapa naye anaumia, kwa kuwa anatimiza amri ya Huria, jini aliyewageuza ndugu hao kuwa manyani, na wala si haja ya moyo wake. Mwanangu anashangilia kila kiboko. Je, nimweleze haya, au nimwache?

Mwalimu mstaafu, Nansio:
Mwanangu, mwache ashangilie. Nimefundisha watoto hapa Ukerewe kwa miaka mingi, na nimeona kwamba mtoto anayekatizwa hadithi kwa maelezo ya watu wazima huacha kuisikiliza hadithi, akaanza kutafuta jibu litakalomridhisha mwalimu. Sisi tuliokulia visiwani hatukuwa tumeiona bahari, kwa hiyo Adili alipotoswa majini tulimwona akizama katika Ziwa letu, karibu kabisa na mitumbwi ya baba zetu, na hofu yetu ilikuwa ya kweli kwa sababu tuliwajua watu ambao Ziwa liliwachukua. Hakuna aliyetufafanulia lolote. Mimi mwenyewe nimekirudia kitabu hiki baada ya kustaafu, na furaha ile ya utotoni ndiyo iliyonirudisha. Kama ningepewa mafunzo mapema, sidhani kama ningekitafuta tena.

Dada wa Kirumba:
Shikamoo, Mwalimu. Naheshimu uzoefu wako, lakini hapa sikubaliani nawe. Mtoto anayeshangilia kiboko asiposikia neno lolote kutoka kwa mzazi wake anaweza kudhani kwamba mama naye anashangilia. Dada, hapa hapahitajiki hotuba. Sauti yako ikikauka, iache ikauke, usimfiche, na akikuuliza kwa nini, mjibu kwamba wale manyani ni ndugu zake Adili na kwamba wewe pia una ndugu. Majina yenyewe ya Hasidi na Mwivu yanamwambia mtoto nani mbaya tangu mwanzo. Lililobaki, yaani kwamba mbaya huyo bado ni wa tumbo moja nawe, ndilo linalohitaji mtu mzima pembeni. Kuhusu kiwanja, pole sana.

Msomaji wa Igoma:
Nawaomba nyote mtazame mwisho wa kitabu. Kisa hiki kina asili yake katika «Alfu Lela Ulela», na katika hekaya ile ya kale ndugu wale, baada ya kusamehewa, wanarudia uovu wao na kuishia kuuawa. Shaaban Robert, alipokitoa kitabu chake mwaka 1952, hakuufuata mwisho huo: Mfalme Rai, yule aliyemtuma Ikibali, anawaombea, wanarudishiwa ubinadamu wao, na wanapatana na ndugu yao. Nilikisoma mara nyingi utotoni na mwisho huo niliuona umepoa, nikatamani adhabu iendelee. Leo naona kwamba mwandishi aliyekuwa na mwisho wa damu tayari mkononi, akaukataa, alikuwa na sababu nzito, na kwangu huo ndio moyo wa kitabu.

Kwa hiyo, dada, ningekushauri usiseme lolote hadi mfike hapo. Mtoto aliyeshangilia viboko kwa dhati ataukuta msamaha ule akiwa bado na hasira, na huenda akakuuliza kwa ukali kwa nini wameachiliwa. Swali hilo likija, mzungumze usiku kucha mkitaka, na kiwanja ukitaje.