Kulala kwa Walahu milimani: mgeni au mtazamaji?

MzigoKariakoo
Wadau, habari za jioni. Mnajua huwa nafuata nguo Pratunam, Bangkok. Safari ya Desemba mzigo ulichelewa, nikapanda basi la usiku hadi Chiang Mai, kaskazini mwa Tailandi. Wakala mmoja akanikatia siku mbili kwenye kijiji cha Walahu, kabila la milimani huko, upande wa mpaka wa Burma. Gari kwanza, halafu miguu kwa muda wa saa nne.

Nililala kwa mzee wa kijiji. Nyumba ya mianzi juu ya nguzo, unapanda kwa gogo lililochongwa vikanyagio, nguruwe wanakoroma chini ya mgongo wako. Katikati ya sakafu kuna moto wa kuni kwenye kisanduku cha udongo na birika jeusi lisiloshuka. Saa kumi alfajiri naamshwa na du-ku, du-ku: bibi wa nyumba anatwanga mpunga kwa kinu cha kukanyaga kwa mguu. Mchele wa mlimani ule, harufu yake peke yake ni mboga. Sio wali wetu wa nazi, nazi yenyewe kazi yake kuficha mchele mbovu.

Sasa swali. Nililipa baht 2,500. Wakati wa kuondoka nikamwona mwongozaji anampa mzee noti tatu nyekundu, za mia mia. Tangu siku ile sina raha. Kwenda kulala kwa watu hawa ni kuwasaidia au kuwatazama kama twiga? Tuache kwenda?

BintiMrima
Nimesoma vizuri hadi kwenye nazi. Inaficha nini? Wewe umekulia wapi, kaka?

Ukucha
Hao si ndio wanawake wa mapete shingoni? Niliona video, wamekaa wamepangwa kama bidhaa dukani.

Kilele_Meru
Hapana mkuu. Wa mapete ni Wakayan, waliokimbia vita Burma. Walahu ni watu wengine kabisa, na wao kwa wao wapo Weusi, Wekundu na Manjano. Wengi zaidi wako China, Yunnan, kule Lancang. Watai huwaita Muser, jina lenye asili ya uwindaji. Wenyewe wanajiita Lahu.

Mtoa mada, mimi naongoza watalii Arusha. Toa gari, mafuta, chakula, mwongozaji na wakala, hiyo mia tatu hainishangazi. Ungetaka pesa ifike, ungelala kijiji kinachopokea wageni chenyewe. Ban Ja Bo kule Pang Mapha ni ya Walahu, wana vyumba vyao, na kuna kibanda cha tambi unakula miguu ikining'inia juu ya ukungu. Unamlipa mwenye nyumba mkononi.

MzigoKariakoo
"Hainishangazi." Ndivyo mnavyosema waongozaji wote mkiwa mmeshika bahasha.

Kilele_Meru
Bahasha gani? Unanijua? Nguo unayonunua Pratunam unaiuza Kariakoo kwa faida ngapi, na fundi aliyeishona anapata nini? Tuanzie hapo.

BintiMrima
Hajanijibu habari ya nazi.

Mkorofi Mstaarabu
Mnawalilia bure, walikuwa wanalima kasumba, ile afyuni, wanakula vizuri. Mfalme ndiye aliyewaharibia biashara.

Fundi Saa
Mkorofi, aliyekula vizuri kwenye kasumba ni mchuuzi na askari wa mpakani. Mkulima aliishia kuivuta mwenyewe. Mradi wa mfalme Bhumibol wa kuweka mazao mengine badala ya kasumba ulianza 1969 kwenye mlima wa Doi Ang Khang, na Walahu wapo pale hadi leo: wakaletewa pichi, stroberi, mboga za baridi. Kwingine ni kahawa. Walipewa soko pamoja na amri, ndiyo maana ikashika.

Ila mtoa mada umeshika mkia wa jambo. Waliokupokea wana uraia? Huko milimani kuna watu waliozaliwa Tailandi na hawana. Wale watoto wa mpira walionasa pangoni Tham Luang 2018, watatu kati yao pamoja na kocha hawakuwa na uraia, walipewa baada ya dunia nzima kuwaona. Asiyeingia pangoni anasubiri foleni.

MzigoKariakoo
Fundi umenikumbusha. Kijana aliyenibebea begi nilimwambia twende wote Chiang Mai nikamnunulie viatu. Akatoa kadi, akaniwekea kidole juu yake, akacheka. Kwa kadi ile kutoka mkoani kwao mpaka kibali. Mimi wa Mbagala naruka Bangkok mara nne kwa mwaka.

Fundi Saa
Na mtafute Chaiyaphum Pasae. Kijana wa Kilahu, mtetezi wa haki za watu wa milimani, wanajeshi walimpiga risasi akafa kwenye kizuizi Chiang Dao, Machi 2017. Jeshi likasema ana dawa za kulevya na bomu la mkono. Ndugu zake wakadai picha za kamera za pale. Haziko hadharani mpaka leo.

Ukucha
Sasa hilo la siasa limeingiaje? Mtu ameuliza pa kulala.

BintiMrima
Narudia: nazi nzuri inataka mchele mzuri. Ukitia tui kwenye mchele mbovu unapata uji, haufichi chochote. Huyu kala wali wa hotelini.

Mkorofi Mstaarabu
😂 Tanga wameamka. Naweka kiti.

Shangazi wa Doha
Nimelala nyumba za watu miaka tisa, kwa kazi. Nyie wanaume mnahesabu noti tu. Saa kumi alfajiri bibi anakanyaga kinu, wewe umejifunika blanketi lake. Alikuwa anatwanga mchele wa nani? Mimi ningekosa raha hapo kwanza.

MzigoKariakoo
Shangazi, niliamka nikajaribu. Niliachia mguu kabla hajatoa mkono kinuni, akauchomoa mbio. Wakacheka wote hadi mzee akakohoa. Baadaye akanipa ungo nipepete, pumba zikanirudia machoni.

Shangazi wa Doha
Haya, angalau umechekwa. Twiga hamcheki mtalii.

Kilele_Meru
Naomba kurudi kwenye mada: asiache kwenda, abadilishe njia ya kwenda. Na asigawe pipi kwa watoto, mgeni atakayefuata atadaiwa barazani.

MzigoKariakoo
Pipi sikugawa. Niligawa kalamu.

Kilele_Meru
Ni yale yale, mkuu.

MzigoKariakoo
Kalamu nayo imekuwa dhambi! Haya. Machi narudi, nimeshamwambia yule kijana kwa simu, nitamlipa mzee moja kwa moja. Wakala akanuna shauri yake.

Fundi Saa
Kwa hiyo swali la kuacha kwenda ulishalijibu kabla hujaliuliza.

Ukucha
Ule mchele ulibeba?

MzigoKariakoo
Kilo mbili. Jana mama watoto kaupika.

BintiMrima
Kaupika vipi?

BintiMrima
Kaka, nimekuuliza.

MzigoKariakoo
Alitia tui kidogo. Kikombe kimoja tu.

BintiMrima
🙌🏾🙌🏾🙌🏾

Mkorofi Mstaarabu
Mkuu, magauni ya watoto pale Pratunam dazeni inakwendaje sasa hivi?