Upasuaji wa kifundo cha mkono: hali huwaje baada ya miaka mingi?

Mpasua Mbao, Mafinga

Habari zenu wanajukwaa. Mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 31, anafanya kazi katika kiwanda cha mbao hapa Mafinga. Miaka kadhaa iliyopita alianguka na pikipiki akatanguliza kiganja, na kwa kuwa uvimbe uliisha upesi, hakupigwa eksirei. Sasa maumivu yamezidi, na daktari bingwa wa mifupa huko Mbeya amemweleza kwamba mfupa mdogo wa skafoidi ulivunjika bila kuunga, na kwamba gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, limesagika upande wa kidole gumba. Amempa njia mbili: kuondolewa safu ya mifupa mitatu ya kifundo, au kuondolewa skafoidi peke yake na kuunganishwa mifupa minne iliyobaki katikati. Naomba kufahamu hali ya mkono baada ya miaka kumi na kuendelea, kwa maana habari za miezi ya mwanzo tumekwisha kuelezwa.

Mfiziotherapia, Iringa

Kaka, upasuaji wa aina zote mbili hupunguza maumivu kwa wagonjwa walio wengi, lakini hakuna unaorudisha mkono ulivyokuwa. Kwa kawaida hubaki takriban nusu ya mkunjo wa kifundo, au zaidi kidogo, na nguvu ya kushika hufikia kama asilimia 70 hadi 80 ya ile ya mkono mzima.

Kuondoa mifupa mitatu kuna faida ya kutosubiri mfupa kuunga, hivyo mazoezi huanza mapema. Hata hivyo, kichwa cha kapitati, mfupa mkubwa wa katikati ya kifundo, huhamia kwenye shimo la redio (mfupa wa kigasha wa upande wa kidole gumba) ambalo halikuumbwa kwa ajili yake, na mviringo wao haulingani. Ndiyo maana baada ya miaka kumi eksirei nyingi huonyesha gegedu likiwa limepungua, ingawa wengi wa wenye picha hizo hawalalamiki sana. Mimi huangalia kazi anayoiweza mtu kabla ya kuangalia picha yake. Jambo la kuzingatia kwa mdogo wako ni umri: waliofanyiwa wakiwa chini ya miaka 35 au 40 huelekea zaidi kuhitaji upasuaji mwingine baadaye, hasa wenye kazi nzito.

Kuunganisha mifupa minne huacha kiungo kati ya lunati, mfupa mdogo wa kifundo, na redio, ambavyo vinalingana kwa asili. Gharama yake ni kwamba mifupa inaweza isiunge, na wengine hurudi chumba cha upasuaji kutolewa skrubu au bamba. Akiwa anavuta sigara, aache kabla, kwa sababu sigara huchelewesha mfupa kuunga.

Mama Mchai, Rungwe

Mwanangu, mimi nilikuwa na baridi yabisi na nilifungwa kifundo chote kwa bamba la chuma kisikunjike tena, jambo ambalo huenda mdogo wako akalihitaji siku moja iwapo njia hizo zitashindwa. Watu hudhani mkono wote hukakamaa. Kiganja bado nakigeuza juu na chini, kwa kuwa mgeuko huo hutokea kwenye mifupa ya kigasha, na vidole vinafanya kazi. Kinachonisumbua ni kujisafisha chooni, kuingiza mkono ndani ya chungu chembamba, na kujiinua kutoka sakafuni. Chai nachuma, na maumivu yale ya zamani sinayo.

Mpasua Mbao, Mafinga

Shikamoo mama, na ahsante sana. Je, kiungo cha bandia cha kifundo hakimfai?

Mfiziotherapia, Iringa

Kwa mtu wa mbao, hapana. Kiungo hicho huelekea kulegea, hasa kipande kinachoingia upande wa kiganja, na mwenye nacho hukatazwa kunyanyua mizigo mizito. Muulizeni daktari kuhusu hali ya gegedu la kichwa cha kapitati, kwa sababu likiwa limeharibika, njia ya kuondoa mifupa mitatu kwa kawaida haifai. Wakati mwingine jambo hilo hubainika kiungo kikiwa kimeshafunguliwa, kwa hiyo fomu ya ridhaa atakayotia sahihi itaje njia zote mbili.